Nguvu za kufika nazo uzeeni: mwongozo wa kupanga upya malengo ya kunyanyua vyuma

Chuma changu cha kwanza kilikuwa kipande cha bomba la maji, ncha zote mbili zimezamishwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa sementi. Kopo la kushoto lilikuwa zito kidogo kuliko la kulia, hivyo kila baada ya seti, yaani kurudia kunyanyua mara kadhaa bila kupumzika, tulikigeuza ili bega moja lisionewe. Tulikuwa vijana sita uani kwa rafiki yetu Magomeni, mimi nina miaka 19, na lengo letu lilikuwa moja tu: mwezi ujao tunyanyue zaidi ya mwezi huu. Lengo hilo lilinifaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipofika 47 nikaamua kuurudia uzito niliousukuma kwenye benchi nikiwa na miaka 29, yaani kilo 120. Nilifika 110. Wiki ya tatu bega la kulia likaanza kuuma usiku, na kwa miezi mitano sikuweza kuvaa shati bila kuanza na mkono ule unaouma.

Leo nina miaka 58. Bado nanyanyua mara mbili kwa wiki, na sijawahi kulipenda zoezi kama sasa. Swali ndilo limebadilika. Zamani nilijiuliza mwaka huu nitanyanyua kilo ngapi. Siku hizi najiuliza nataka mwili huu uweze kufanya nini nikiwa na miaka 75, kisha narudi nyuma kutoka huko mpaka kwenye mazoezi ya Jumatatu hii. Nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kuifanya hesabu hiyo. Inamfaa aliyezoea vyuma tangu ujana, na inamfaa vilevile mama wa miaka 60 ambaye hajawahi kushika dambeli, kile chuma kifupi cha mkono mmoja.

Mwili unapoteza nini kwanza

Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka 10, na baada ya 60 kasi hiyo huongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko misuli yenyewe, hivyo paja linaweza kuonekana lilelile kwenye kioo huku kazi lililoiweza jana leo linaishindwa. Na kinachotangulia kuondoka kabla ya vyote ni wepesi: uwezo wa misuli kujibu mara moja inapoitwa.

Sababu iko ndani ya nyuzi za misuli. Kuna nyuzi za polepole, zinazotubeba tukitembea na kusimama muda mrefu, na kuna nyuzi za kasi, zinazoamka unapoteleza au unaporuka mfereji. Za kasi ndizo zinazosinyaa zaidi kwa umri, na baadhi ya neva zinazoziamrisha hufa kabisa. Ndiyo maana unaweza kumwona mzee anatembea kilomita tatu kwenda shambani bila taabu, halafu akajikwaa kwenye kisiki na kuanguka mzimamzima. Pumzi anayo. Mguu umechelewa kufika.

Hata hivyo misuli haisahau kujifunza. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee kumi wa makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu zao za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na kasi yao ya kutembea kwa kufuatanisha kisigino na vidole ikapanda kwa asilimia 48. Ninapomsikia mtu wa miaka 55 akisema wakati wake umepita, huwa nawakumbuka wale wazee tisa.

Hatua ya 1: Andika kazi kwanza, kilo zitafuata

Chukua daftari. Andika umri wako wa sasa, na pembeni yake umri utakaokuwa nao miaka 15 au 20 ijayo. Chini ya umri huo wa pili andika vitendo vya maisha yako mwenyewe, vile ambavyo siku ukivikosa utakuwa umepoteza kitu. Usinakili vya mtu mwingine. Vya kwangu ni hivi:

Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo nyumbani kijijini na kusimama bila kushika ukuta. Kupanda daladala yenye ngazi ya juu huku konda ameshagonga bodi. Kuinua dumu la lita 20 kutoka chini mpaka juu ya meza ya jikoni. Kumtoa mjukuu aliyelala kwenye gari na kumfikisha kitandani bila kumwamsha. Na kuinuka kutoka kwenye sijida, rakaa zote, bila kushika kitu.

Hilo la mwisho linanigusa sana. Msikitini kwetu safu ya viti inaongezeka kila mwaka. Wengine goti limekwisha kweli, na ruhusa ipo. Lakini wapo niliozungumza nao ambao goti lao ni zima. Mapaja ndiyo yaliyoshindwa kuwainua, na mapaja yanafundishika.

Ukishaandika, geuza kila kitendo kuwa uzito. Lita 20 za maji ni kilo 20, na dumu lenyewe linaongeza karibu kilo moja. Mtoto wa miaka minne ana kilo 16 hivi. Kusimama kutoka kuchuchumaa ni kuinua sehemu kubwa ya mwili wako mwenyewe.

Sasa fanya hesabu ya kurudi nyuma. Kazi inayotumia nusu ya nguvu zako unaweza kuirudia mara nyingi na bado ukabaki na akiba. Kazi inayozitumia zote utaifanya mara moja, na siku hiyo mgongo ukiwa umechoka utaumia. Kwa hiyo nikitaka kuinua kilo 20 kwa raha nikiwa na miaka 75, siku hiyo niwe na uwezo wa kuinua kilo 40. Tuseme, kwa tahadhari, kati ya leo na siku hiyo nitapoteza theluthi moja ya nguvu nilizonazo. Basi leo natakiwa niwe na kilo 60. Niliwahi kuinua 160 kutoka chini, kwa hiyo kilo 60 hazinipi sifa yoyote jimu. Ila ndizo mstari wangu wa chini: uzito ambao sitaruhusu kushuka chini yake, iwe ni mwaka wa kazi nyingi, msiba au safari. Kila kitendo kwenye orodha yako kipe mstari wake.

Kwa wengi mstari wa chini unakuwa mdogo kuliko walivyodhani. Hapo ndipo mzigo unaposhuka mabegani. Kilichozidi juu ya mstari ni akiba, na akiba haiozi.

Hatua ya 2: Jipime

Vipimo hivi vinahitaji kiti, saa na nafasi ya hatua chache. Viandike na tarehe.

*Kiti.* Tumia kiti cha kawaida kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Kunja mikono kifuani, simama wima na ukae, mara tano, haraka uwezavyo. Kwa vigezo vya wataalamu wa Ulaya vya mwaka 2019, kuzidi sekunde 15 ni dalili kwamba nguvu za miguu ziko chini.

*Mita nne.* Pima mita nne sakafuni, tembea mwendo wako wa kila siku. Ukitumia sekunde tano au zaidi, mwendo umeshuka mno.

*Mguu mmoja.* Simama sekunde 10, mguu mmoja hewani, macho wazi, ukuta ukiwa karibu. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022, wa watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75, uliona kwamba walioshindwa sekunde hizo 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Kushindwa hakukuui, ila ni taarifa usiyopaswa kuipuuza.

*Sakafu.* Kaa chini kabisa kwenye mkeka, kisha inuka. Hesabu mara ngapi umeshika goti, sakafu au fanicha.

*Mzigo.* Shika dumu la lita 10 kila mkono, tembea hatua 40. Angalia kinachochoka kwanza: viganja, mabega au pumzi.

Usishangae ukikuta unasukuma kilo 80 kwenye benchi lakini mguu mmoja unakushinda kwa sekunde sita. Ndivyo nilivyokuwa mimi nilipojipima mara ya kwanza.

Hatua ya 3: Pitia hospitali

Pima presha na sukari. Ikiwa presha ni 180/110 au zaidi, vyuma visubiri mpaka daktari aishushe. Kama una ngiri, umefanyiwa upasuaji wa tumbo au jicho karibuni, unasikia kifua kubana ukipanda ngazi, au unatumia insulini, mweleze daktari kwa maneno ya wazi kwamba unataka kunyanyua uzito na umuulize uanzie wapi. Ukinyanyua usizuie pumzi: toa hewa wakati wa kusukuma au kuinuka, vuta wakati wa kushuka. Kuzuia pumzi hupandisha presha ghafla, na mwili wa miaka 60 hausamehi kama wa 25.

Hatua ya 4: Badilisha kipimo cha mafanikio

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa aliyekulia kwenye vyuma, na wengi wanaoumia baada ya 45 wanaumia kwa sababu wameiruka. Kipimo cha ujana ni uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja. Ni kipimo kizuri kwa mwili unaopona kwa siku moja. Kwa mwili unaopona kwa siku tatu, kila jaribio la namna hiyo ni deni, na riba yake inalipwa na viungo.

Badala yake tumia uzito unaouweza mara 6 hadi 10 na ukakoma ukiwa umebakiza mbili. Yaani ukimaliza ya nane uwe na uhakika kwamba ungefika kumi, lakini hukufika, kwa hiari yako. Mwanzoni utakosea kukadiria. Dalili ya kuangalia ni mwendo: mwinuko ukianza kuwa wa polepole bila wewe kutaka, umebakiwa na mbili au moja. Weka chini.

Rekodi za zamani zifungie ukurasa. Nilichora mstari kwa kalamu nyekundu chini ya ile 120 ya benchi, nikafungua ukurasa mpya wenye kichwa "Baada ya 50". Rekodi ya kwanza ya ukurasa huo ilikuwa pushapu 15 safi bila maumivu ya bega, na niliifurahia kweli. Hata wanaoshindana wanafanya hivyo: katika mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito wa nguvu (powerlifting) kuna madaraja ya wakongwe, la kwanza kuanzia miaka 40, yanayofuata 50, 60 na 70, na mtu hupimwa na rika lake. Kama mashindano yanakupa moyo, shindana hapo. Mtu wa kutojipima naye kabisa ni wewe wa miaka 29.

Sasa una malengo ya ngazi tatu: kazi za uzeeni ulizoziandika, mstari wa chini wa kila kazi, na lengo dogo la mwaka huu lililo juu kidogo ya mstari. Likikosekana la mwaka, hakuna kilichoharibika. Ukiguswa mstari wa chini, hapo ndipo pa kushtuka.

Hatua ya 5: Chagua miendo sita

Usiulize kifaa gani kipo. Uliza mwendo gani umeukosa. Mwili unaotaka kuzeeka vizuri unahitaji kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, kubeba na wepesi.

Kuchuchumaa: anza kwa kukaa na kusimama kwenye kiti. Ukifika mara 15 bila shida, kumbatia mfuko wa unga wa kilo 10 kifuani. Baadaye ondoa kiti na ushuke kadiri goti na nyonga zinavyoruhusu bila maumivu.

Kuinua kutoka chini nitakaa nako kidogo, kwa sababu ndiko kunakoharibu migongo ya watu majumbani. Chukua dumu la lita 20, jaza nusu kwanza. Simama nalo likiwa katikati ya nyayo; likiwa mbele ya vidole limeshakuwa zito zaidi kwa mgongo. Sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango wa gari kwa kiuno, magoti yakunje kidogo, mgongo ubaki mrefu. Shika mpini, kisha kabla ya kuinua vuta mkono mpaka bega lishuke na kwapa likaze. Hapo utausikia mgongo wote ukishikana. Sasa ikanyage sakafu kana kwamba unataka kuisukuma chini. Dumu litapanda likigusa mguu. Kuliweka chini ni kwa njia ileile, taratibu. Wengi huumia wakati wa kuweka, akili ikiwa imeshahamia kwenye jambo lingine. Badilisha mkono. Ukiyaweza madumu mawili yaliyojaa, moja kila mkono, una kilo 40 na ushei bila kulipa jimu yoyote.

Kusukuma: pushapu, mikono ikiwa ukutani, kisha mezani, kisha kwenye benchi fupi, mwisho chini. Kama bega lina historia kama la kwangu, dambeli ni rafiki kuliko chuma kirefu, maana kila mkono unajitafutia njia yake.

Kuvuta: funga tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha iliyo imara, vuta viwiko nyuma mpaka mabega yakutane. Kwa kila seti ya kusukuma fanya moja ya kuvuta, hata mbili. Bega langu lilipona kwa kuvuta.

Kubeba: tembea na mzigo mikononi. Usiudharau mwendo huu. Unafunza viganja, tumbo, nyonga na pumzi kwa pamoja. Utafiti mkubwa wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kila nguvu za kiganja zilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufariki ilikuwa juu kwa asilimia 16. Kiganja hakiongezi maisha chenyewe, ila kinasema ukweli kuhusu mwili mzima.

Wepesi ndio watu wanaousahau. Kaa kwenye kiti, simama kwa haraka uwezavyo, kisha kaa polepole ukihesabu mpaka tatu. Mara tano tu, seti tatu, ukiwa bado hujachoka. Wepesi hufunzwa mwanzoni mwa zoezi, mara tu baada ya kupasha mwili moto. Nyuzi za kasi hazijifunzi chochote zikishachoka.

Mwendo wowote unaoleta maumivu makali ndani ya kiungo, ubadilishe. Kuna njia nyingi za kusukuma. Hakuna zoezi ambalo ni la lazima, hata kama ulilipenda miaka thelathini.

Hatua ya 6: Panga wiki

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kama kutembea kwa haraka. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya mizani, yaani kusimama bila kuyumba, na ya nguvu za kazi za kila siku, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Mimi nanyanyua Jumatatu na Alhamisi alfajiri, dakika 45. Dakika kumi za kwanza ni za kupasha mwili: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega na nyonga, kisha seti moja nyepesi ya kila mwendo. Kijana anaweza kuruka hapo, mimi siwezi tena. Kisha wepesi, seti tatu. Baadaye kuchuchumaa na kuinua, seti mbili au tatu za mara 6 hadi 10. Kusukuma na kuvuta, vivyo hivyo. Mwisho kubeba, safari tatu za hatua 40. Napumzika dakika mbili au tatu kati ya seti nzito. Simu iko ndani.

Anayeanza atosheke na seti moja ya kila mwendo kwa mwezi mzima. Mizani ifanye kila siku kwenye shughuli nyingine: simama mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi kushoto, jioni kulia.

Hatua ya 7: Ongeza kwa subira ya kano

Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano, zile kamba zinazoifunga kwenye mfupa, hujengeka polepole zaidi, na kadiri umri unavyokwenda subira inahitajika zaidi. Katikati ya tofauti hiyo ndipo ajali hutokea: msuli unasema tayari, kano bado.

Kanuni ninayoifuata ni hii. Ongeza idadi kwanza, uzito baadaye. Ukianza na mara 6, kaa na uzito huohuo mpaka ufike mara 10 kwa seti zote katika mazoezi mawili mfululizo. Ndipo uongeze kilo 1 au 2, na urudi mara 6. Kila baada ya wiki tano chukua wiki moja ya nusu: uzito uleule, seti nusu. Mwanzoni wiki hiyo itakukera. Baadaye utaona kwamba inayofuata ndiyo unayokuwa na nguvu zaidi.

Uchovu wa misuli wa siku mbili ni wa kawaida. Maumivu ya kiungo yanayokuamsha usiku au yanayozidi siku tatu ni amri ya kupunguza.

Hatua ya 8: Chakula

Misuli ya mtu mzima inaitikia protini kwa uvivu kuliko ya kijana, kwa hiyo inahitaji zaidi. Mapendekezo ya wataalamu kwa wenye miaka 65 na kuendelea ni gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84.

Shida ya wengi wetu iko asubuhi. Chai na maandazi mawili ni kama hujala protini. Weka mayai mawili na kikombe cha maziwa, umepata gramu 20. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi, na kipande cha samaki cha gramu 100 kinaongeza zaidi ya 20. Usiku gramu 30 za dagaa wakavu zinaleta 17 hivi, na wali au ugali nao una kidogo chake. Umefika, na hujanunua kopo la unga wa jimu. Gawanya katika milo yote mitatu badala ya kulimbikiza usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kauli ya daktari.

Kwa akina mama baada ya hedhi kukoma

Mifupa hupungua kwa kasi miaka michache baada ya hedhi kukoma, na ushauri wanaopewa wengi ni kutembea na kuepuka vizito. Kutembea ni kuzuri, lakini mfupa unataka kubebeshwa. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa iliyopungua. Kwa miezi minane walifanya mazoezi mazito ya kuinua kutoka chini, kuchuchumaa na kusukuma juu, pamoja na kuruka, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya uangalizi wa karibu. Mifupa ya uti wa mgongo wa chini iliimarika. Neno la kushika hapo ni uangalizi: mwenye mifupa iliyodhoofika atafute mwalimu wa mazoezi anayejua kazi na aanze na uzito mdogo sana.

Mama zetu waliobeba ndoo kichwani na kuni mgongoni hawakuhitaji kuambiwa kwamba mwanamke anaweza uzito. Binti aliyehamia mjini, bomba likiwa ndani na gari nje, ndiye anayehitaji kuurudisha uzito huo kwa makusudi.

Ugonjwa, Ramadhani na safari

Kulala kitandani kunakula misuli ya mtu mzima kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu. Kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Kwa hiyo ukipatwa na malaria kali au ukilazwa, mara homa ikiondoka na daktari akikuruhusu, anza kukaa na kusimama pembeni ya kitanda, mara tano, mara kadhaa kwa siku. Ukirudi kwenye vyuma, wiki ya kwanza tumia nusu ya uzito ulioacha, ya pili robo tatu. Usijaribu kufidia siku zilizopotea.

Ramadhani mimi hufanya zoezi moja kwa wiki, saa moja baada ya futari: uzito uleule, seti moja au mbili tu. Nguvu hazipotei kwa mwezi wa namna hiyo. Safarini tyubu ya baiskeli inaingia kwenye begi.

Hatua ya 9: Rudia vipimo kila miezi sita

Mimi napima mwanzoni mwa Januari na mwanzoni mwa Julai: kiti, mita nne, mguu mmoja, sakafu, mzigo. Kisha natazama mistari ya chini. Namba moja ikishuka mara moja, naisubiri. Huenda nililala vibaya au nilikuwa na mafua. Ikishuka vipimo viwili mfululizo, natafuta sababu kwa mpangilio huu: je, nilikosa mazoezi? Je, nilikula protini? Nalala saa ngapi? Kuna dawa mpya? Nikikosa jibu katika hayo manne, naenda kwa daktari na daftari mkononi, maana udhaifu usio na sababu wakati mwingine ni dalili ya kwanza ya sukari, ya tezi ya shingo au ya damu kupungua.

Kila miaka mitano rudi hatua ya 1 na uandike orodha upya. Kazi zitabadilika. Mjukuu wa kilo 16 atakuwa wa kilo 40 na atatembea mwenyewe kutoka garini. Pengine mahali pake utaandika kumwinua mwenzako kitandani siku akiugua, na hiyo ni kilo nyingine, yenye hesabu nyingine ya kurudi nyuma.